Denys Finch Hatton na Ndege Yake Iliyoteketea Voi

Katika miaka ya 1920 Waingereza wenye fedha walipenda sana vyombo vya mwendo. Wengine walinunua magari madogo ya mashindano, na wengine, gari lilipokuwa halitoshi tena, wakanunua ndege ya viti viwili. Mmoja wao alikuwa Denys Finch Hatton. Wengi wanamjua kwa filamu tu, lakini sisi watu wa pwani tuna sababu ya kumjua zaidi, maana alikuwa na nyumba Takaungu, na mauti yalimfika Voi.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1887, mwana wa pili wa ukoo wa makabaila wa Winchilsea. Akasoma Eton, kisha Oxford. Kwa desturi ya kwao cheo na mashamba ni ya kifungua mimba, hivyo ilimlazimu atafute njia yake mwenyewe. Mwaka 1911 akaja Afrika Mashariki, akanunua ardhi na kufanya biashara. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka alipigana pamoja na kikosi cha Wasomali kilichoongozwa na rafiki yake Berkeley Cole, na baadaye akapelekwa Iraki. Vita vilipokwisha akawa mwindaji wa kuwaongoza wageni matajiri porini. Mwaka 1928, na tena 1930, alimwongoza mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward wa Nane.

Hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Vitabu vyake viliwekwa Ngong, katika nyumba ya mwanamke wa Kidenmaki, Karen Blixen. Huko Takaungu, mji walikohamia Mazrui baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, alijenga nyumba ndogo kando ya hori, palipokuwa na magofu ya kale, mnara mdogo na kisima.

Jambo moja la kumsifu ni kwamba alichukia sana tabia ya wageni kuwafukuza simba kwa magari huko Serengeti na kuwapiga risasi wakiwa wameketi garini. Mwaka 1929 alililaani jambo hilo katika gazeti la The Times la London. Aliona heri mgeni apige picha kuliko kupiga bunduki.

Lakini naye hakuepuka tamaa ya mashine. Mwaka 1930, akiwa Uingereza, alinunua ndege ya Gipsy Moth iliyotengenezwa na kampuni ya de Havilland, ikaandikishwa kwa namba G-ABAK na kuletwa Mombasa kwa meli. Ilikuwa kama gari la michezo lenye mbawa. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 100 hivi, viti viwili vilikuwa wazi, na mbawa zake zilikunjwa ikaweza kuvutwa na gari na kulazwa bandani. Kwa ndege hiyo alimrusha Blixen juu ya vilima vya Ngong, na akakusudia kuwatafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji. Msomaji ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi kati ya kumfukuza simba kwa gari na kumvizia tembo kwa ndege.

Hata mwaka mzima wa kuruka nayo Kenya haukutimia. Mwezi wa Mei 1931 aliruka hadi pwani, na katika kutua rafadha ikaharibika, akaagiza nyingine kutoka Nairobi. Ilipokwisha kutengenezwa akaenda Voi kutazama tembo. Asubuhi ya tarehe 14 Mei aliruka tena pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Punde si punde ndege ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili wakafa. Finch Hatton alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na ndugu yake akamjengea mnara wa ukumbusho.

Mwaka 1937 Blixen alitoa kitabu chake juu ya maisha ya Kenya, na mwaka 1985 ikatoka filamu ya Out of Africa iliyopata tuzo saba za Oscar. Ndege ya manjano iliyomo humo si ile ya Voi, bali ni Moth nyingine iliyoundwa Marekani. Hiyo ikaendelea kubadilisha wenyewe, hata mwaka 2013 ikapigwa mnada Paris pamoja na magari ya kale. Kilichopandisha bei yake ni kule kuigiza ndege ya Finch Hatton.

Ndege yake yenyewe haikupata mwenyewe wa pili. Ilipata mmoja tu, ikamla. Naye Kamau, ambaye hakuwa na hisa hata ya msumari mmoja katika chombo kile, alilipa sawasawa na mwenye mali. Atakayetazama filamu ile tena na alikumbuke jina la Kamau pia.