Samuel Insull, Bwana wa Umeme wa Chicago

Wanafunzi wenzangu, napenda kuwasimulia habari za Samuel Insull, aliyezaliwa London mwaka 1859. Mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Marekani kuwa karani wa Edison, bingwa wa taa za umeme. Mwaka 1892 alihamia Chicago kuongoza kampuni ndogo ya umeme.

Insull alitambua kwamba mtambo mmoja mkubwa hutoa umeme kwa bei nafuu kuliko mingi midogo. Lakini auzaye peke yake aweza kuwanyonya watu. Basi mwaka 1898 aliwashauri matajiri wenzake kwamba kila jimbo liweke tume ya kupanga bei, na kampuni nayo ilindwe na washindani. Majimbo ya Wisconsin na New York yaliweka tume hizo mwaka 1907, na mengine yakafuata.

Baadaye yeye mwenyewe alirundika kampuni juu ya kampuni katika majimbo mengi, mahali ambapo jicho la tume moja halikufika. Mwaka 1932 rundo hilo lilianguka, na wengi walionunua hisa wakapoteza akiba zao. Alishtakiwa, mahakama ikamwachilia, akafa Paris mwaka 1938.

Mimi naona shauri lake lilikuwa jema kuliko mwenendo wake. Tume zile zingali zipo. Leo, kampuni zinapoacha makaa ya mawe na kushika jua na upepo, katika majimbo mengi tume ndizo zinazoamua mnunuzi atalipa kiasi gani. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari huisha bila habari.