Daktari Aliyesikia Kilio cha Akina Mama

James Young Simpson alizaliwa mwaka 1811 huko Scotland, kwao wamisionari waliojenga Tumutumu hapa Nyeri. Babake alikuwa mwoka mikate. Alipokuwa profesa wa ukunga Edinburgh, vilio vya akina mama vilimchoma moyo. Usiku wa Novemba 4, 1847, yeye na madaktari wenzake wawili walinusa klorofomu, wakaanguka chini ya meza! Siku chache baadaye akamnusisha mama aliyeshikwa na uchungu. Wengine wakamkemea ati uchungu ni amri ya Mungu (hata hapa Chaka wapo wasemao hivyo). Akawajibu kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu kabla ya kumtoa ubavu. Malkia Victoria alipoitumia mwaka 1853, kelele zikapungua. Simpson alifariki 1870. Klorofomu iliachwa baadaye, kwani yaweza kusimamisha moyo, zikaja dawa salama zaidi.