Mtakatifu Frumentius: mateka aliyeipeleka imani ya Utatu kwa mfalme



Ukikulia huku kwetu bonde la Mbwemkuru, iwe upande wa Ruangwa au wa Nachingwea, kuna swali moja lazima utakutana nalo. Linaweza kutoka kwa rafiki yako wa darasani, kwa binamu, au hata kwa mjomba mwenyewe mkiwa mmekaa barazani mnabangua korosho. Hivi nyie Wakristo mna miungu wangapi? Na Yesu si alizaliwa, akasikia njaa, akafa? Sasa Uungu wake umetoka wapi? Familia zetu zimechanganyika, watoto wa mama mmoja huyu ni Hamisi na yule ni Athanas, na sahani ni moja. Swali lenyewe halina ubaya wowote. Shida ni kwamba wengi wetu tukiulizwa tunacheka-cheka, tunasema hilo ni fumbo, kisha tunahamisha mazungumzo kwenye mpira.

Fumbo ni kweli ni fumbo. Lakini kuna watu walilisimamia fumbo hilo mbele ya wafalme, na mmoja wao alifanya kazi hukuhuku Afrika ya mashariki. Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa Nicea, na wengi wamesikia habari za Athanasius. Leo namleta rafiki yake ambaye hatajwi sana: Frumentius.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya nne, mtu wa Tiro, ule mji wa pwani unaousoma kwenye Injili, leo uko Lebanoni. Akiwa bado kijana mdogo alichukuliwa safari na ndugu yake mkubwa kwa ukoo, Meropius, pamoja na kijana mwenzake aitwaye Edesius. Meropius alikuwa mwanafalsafa, na alitaka kuona nchi za mbali ili aongeze elimu. (Sisi tuliosoma falsafa tunapenda sana kusikia hivyo, ila safari yake iliishia pabaya.) Wakati wa kurudi walipita Bahari ya Shamu, na merikebu ikatia nanga pwani ya Afrika kutafuta maji na chakula. Wenyeji wa pale walikuwa wamepata habari kwamba mkataba wao na Warumi umevunjika. Wakawaua wote waliokuwemo, Meropius na mabaharia pamoja.

Wale vijana wawili hawakuwa merikebuni. Walikuwa wamekaa chini ya mti, wanasoma masomo yao. Wenyeji walipowakuta wakawaonea huruma, wakawachukua hadi kwa mfalme wa Aksum.

Habari hizi tunazo kwa Rufinus, mwandishi wa historia ya Kanisa, naye anasema alizipata mdomoni mwa Edesius mwenyewe alipokuwa mzee, padri kule Tiro.

Aksum haikuwa kijiji. Ilikuwa dola kubwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea za leo, yenye bandari yake Adulis, sarafu zake za dhahabu na maandishi yake. Mfalme aliwaangalia vijana wale akaona akili zao. Edesius akawa mnyweshaji wake. Frumentius akapewa kutunza hazina na nyaraka. Yaani mateka ndiye anashika fedha na barua za ufalme! Bila shaka umemkumbuka Yosefu kule Misri.

Mfalme alipokaribia kufa aliwaachia huru. Wangeweza kuondoka siku ileile. Lakini malkia aliwaomba wabaki wamsaidie kutawala mpaka mwanawe atakapokua, wakabaki. Hapa ndipo Frumentius alipoanza kazi ya Mungu, na tena bila cheo chochote cha Kanisa. Hakuwa padri wala shemasi. Alikuwa mlei mwenye kazi serikalini. Aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliokuja kutoka dola ya Kirumi, akawahimiza wawe na mahali pa kukutana na kusali, akawasaidia kupata viwanja na mahitaji mengine. Waamini wakaanza kuongezeka. Wale wa VIWAWA mnaodhani utume unaanza siku ya kupewa daraja, huyo hapo.

Mwana wa mfalme alipokuwa mtu mzima, wale wawili waliaga. Edesius aliharakisha kwenda Tiro kuwaona wazazi na ndugu. Frumentius alielekea Alexandria, Misri, kwa sababu aliona si haki kuficha alichokiona. Alimweleza askofu kwamba kule kusini kuna Wakristo wengi na makanisa yameshajengwa, ila hawana mchungaji. Akaomba apelekwe askofu anayefaa.

Askofu aliyekuwa anamsikiliza ni Athanasius, aliyekalia kiti cha Alexandria tangu mwaka 328. Athanasius alifikiri, akashauriana na mapadri wake, akaona hakuna wa kumtuma zaidi ya yule aliyeleta ombi. Akampa uaskofu na kumrudisha kulekule alikofikishwa mara ya kwanza kama mateka.

Sasa tusimame kidogo, maana huwezi kumwelewa Frumentius bila kujua mambo yaliyokuwa yanawaka Alexandria.

Padri mmoja wa mji ule, Arius, alikuwa amefundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Kiumbe wa kwanza, mkubwa kuliko wote, lakini kiumbe. Arius hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa na mpangilio: Mungu ni mmoja na hana mwanzo; aliyezaliwa ana mwanzo; basi Mwana ana mwanzo, kwa hiyo si Mungu kama Baba. Hata alitunga nyimbo ili mafundisho yaenee mpaka kwa mabaharia. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nicea, wakamkatalia. Walitumia neno la Kigiriki, homoousios, kusema kwamba Mwana ana umungu uleule wa Baba, si unaofanana nao tu. Athanasius alikuwepo, akiwa shemasi wa askofu wake.

Hebu tuangalie hoja ya Arius inapokwama. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kuchonga kinyago cha mtu kikapendeza mpaka watalii wakagombania. Bado hakiiti kula ugali. Kinyago ni mti. Akizaa mtoto, hata awe dhaifu namna gani, ni mtu kama baba yake. Kitu kilichotengenezwa kina asili yake, na aliyezaliwa ana asili ya mzazi. Imani yetu inasema Mwana hakutengenezwa. Kuhusu mwanzo, kwetu sisi baba hutangulia kwa sababu tunaishi ndani ya muda. Mungu hayumo ndani ya muda. Koroboi ikiwaka, moto haukai kwanza peke yake ukisubiri mwanga uje baadaye. Ukiwepo moto, mwanga upo. Athanasius alipenda mfano wa namna hiyo, wa jua na mng'ao wake. Mfano una mipaka yake, usiubane sana, ila unafungua mlango.

Kwa Athanasius jambo zito zaidi lilikuwa wokovu wenyewe. Daraja la Mbwemkuru likiishia katikati ya mto, hata liwe la zege safi namna gani, masika yakija hakuna atakayevuka. Lazima liguse kingo zote mbili. Yesu akiwa mtu tu, anatuelewa, lakini hawezi kutufikisha. Akiwa kiumbe mkubwa wa mbinguni aliyejifananisha na mtu, hajagusa upande wetu wala hajagusa upande wa Mungu. Ni mtu kweli, ndiyo maana alisikia njaa na akafa. Ni Mungu kweli, ndiyo maana kifo chake kimetuvusha. Na hao si miungu wawili, wala watatu pamoja na Roho Mtakatifu, kwa sababu umungu ni mmoja tu na haugawanyiki kama shamba la urithi. Tukibatizwa tunabatizwa kwa jina, si kwa majina.

Hiyo ndiyo imani ambayo Frumentius aliibeba kwenda Aksum. Mapokeo yanamtaja mfalme Ezana kuwa ndiye aliyeongoka chini yake, na mawe na sarafu za Aksum zinaonyesha kwamba kitu kikubwa kilitokea. Sarafu za mwanzo za Ezana zina duara na mwezi mwandamo, alama za dini ya zamani. Za baadaye zina msalaba. Maandishi yake ya mwanzo yaliyochongwa kwenye mawe yanamwita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Halafu kuna jiwe lililopatikana Aksum mwaka 1969, lenye maandishi ya Kigiriki, ambapo mfalme anakiri imani yake kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Mimi jambo hili huwa linanishika. Huyu ni mtu aliyekuwa anaitwa mwana wa mungu kama cheo cha kifalme. Alilijua jina hilo kwa ndani, jinsi linavyotisha maadui na kuwainamisha watu. Akaliacha, akakiri kwamba yupo Mwana mmoja, aliyekufa msalabani. Angekuwa Mwana wa aina ya Arius, kiumbe aliyepandishwa cheo, tofauti yake na Ezana wa zamani ingekuwa ya ukubwa wa cheo tu.

Hata hivyo hakuwa na haraka na watu wake. Lipo jiwe jingine, la lugha ya Ge'ez, ambalo linamtaja tu Bwana wa mbinguni, bila kufafanua Utatu. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba mfalme alizungumza wazi kwa Kigiriki, lugha ya wafanyabiashara na wageni, na kwa upole zaidi kwa raia ambao wengi walikuwa bado hawajaamini.

Mambo yakachafuka mwaka 356. Kaisari wa Roma sasa alikuwa Constantius wa Pili, mwana wa Constantine, naye alisimama na upande ulioikataa Nicea. Usiku wa Februari askari walivamia kanisa la Alexandria watu wakiwa katika mkesha. Athanasius aliponyoka, akakimbilia jangwani kwa wamonaki, akafichwa kwa miaka. Kwenye kiti chake akawekwa mtu aitwaye George, kutoka Kapadokia. Kaisari akaona amemaliza. Kumbe kulikuwa na askofu mmoja amebaki, mbali kusini, aliyewekewa mikono na Athanasius.

Constantius akaandika barua kwa Ezana na ndugu yake Sazana. Aliwataka wamrudishe Frumentius Misri haraka, akapimwe imani yake na George na wenzake. Alidai kwamba aliyempa uaskofu ni mtu mwenye makosa mengi, na akaonyesha hofu kwamba Athanasius anaweza kukimbilia Aksum na kuwaharibu watu. Barua hiyo tunayo mpaka leo kwa sababu Athanasius mwenyewe aliiweka katika maandishi yake ya kujitetea.

Fikiria hali ya Frumentius siku barua ilipofika. Dola kubwa kuliko zote alizozijua inamwita kwa jina. Kubadili maneno machache tu kuhusu Mwana kungetosha: angebaki na cheo, angekubalika na kaisari, na mfalme wake asingekuwa na ugomvi na Warumi. Neno lenyewe ni la Kigiriki, wakulima wa nyanda za juu wala wasingelijua. Wapo maaskofu wengi wa wakati ule waliosaini walichoambiwa wasaini, na wengine walikuwa watu wazuri tu waliochoka.

Ukitazama yaliyofuata, kaisari hakupata alichotaka. Constantius alikufa mwaka 361, na mwaka uleule George akauawa na umati wa Alexandria, jambo ambalo halimpendezi Mungu hata kama alikuwa mpinzani. Athanasius akarudi. Kanisa la Ethiopia likaendelea na imani ya Nicea, na likaendelea kupokea maaskofu kutoka Alexandria kwa karne nyingi mno, mpaka mwaka 1959 lilipopata patriarki wake. Baadaye, baada ya Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, walitengana na sisi katika namna ya kueleza umungu na ubinadamu wa Kristo, na hilo ni somo la siku nyingine. Kuhusu Utatu na Uungu wa Yesu, Mwethiopia wa Orthodoksi na Mkatoliki wa Nachingwea wanasimama pamoja.

Kuna jambo moja ambalo jirani zetu Waislamu wanalijua vizuri kuliko sisi. Karibu mwaka 615 wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad waliteswa Makka, wakavuka bahari kutafuta hifadhi, na mfalme aliyewapokea na kukataa kuwakabidhi kwa waliowafuata ni yule wanayemwita Najashi. Alikuwa mfalme Mkristo wa Aksum. Ufalme uleule, Kanisa lilelile alilolianzisha Frumentius. Siku mjomba akikuuliza lile swali, mnaweza kuanzia hapo.

Hakuna kitabu cha Frumentius tunachokisoma leo. Waethiopia walimpa majina badala yake. Wanamwita Abba Salama, baba wa amani, na Kesate Berhan, aliyefunua nuru.

Mtakatifu Frumentius, utuombee.