BWANA NYAMA NA HESABU YA MBUNG'O



Safari hii tumeona tuandike habari za mtu aliyefia mkoani kwetu. Tarehe 8 Juni 1938 ndege ilianguka karibu na Singida, ikawaua Waingereza wawili. Mmoja alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o katika Tanganyika. Wa pili alikuwa Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, ambaye habari zake zinatuhusu sisi wa Manyoni zaidi, nasi tutamrudia.

Swynnerton alizaliwa mwaka 1877. Baba yake alikuwa kasisi wa jeshi huko India. Kijana alikuja Afrika mapema, akasimamia shamba kule Chirinda, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Kazi yake ilikuwa shamba, lakini moyo wake ulikuwa kwa vipepeo na ndege. Kuna ndege mdogo wa msituni mwenye jina lake hata leo, na yumo pia katika milima yetu ya Udzungwa na Usambara. Mwaka 1918 alikwenda Mossurise, Msumbiji, kuchunguza mbung'o, na tangu hapo mdudu huyo hakumwacha tena.

Mwaka 1919 alifanywa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza. Alikuta nchi iliyoumia. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe, njaa na vita vikapunguza watu, na palipokuwa mashamba na malisho pakaota vichaka. Vichakani wakaingia wanyamapori, na pamoja nao mbung'o. Mwaka 1922 malale ilizuka Maswa, Usukuma. Asiyeuona ugonjwa huo asidhani ni usingizi wa kawaida. Vijidudu huingia katika damu, kisha katika ubongo, mtu hupotewa na akili, na asipotibiwa hufa. Swynnerton alikwenda huko kuchunguza, na mwaka 1923 mbung'o wa aina ile akapewa jina lake: Glossina swynnertoni.

Hapa yafaa tusimame kidogo tumtazame mdudu mwenyewe. Mbu hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja. Mbung'o sivyo. Jike lake hubeba buu mmoja tu tumboni, akamlisha humo humo, na kumzaa kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Huyo buu hujichimbia katika udongo laini penye kivuli, hujifanyia ganda gumu, na hutoka nzi kamili baada ya mwezi hivi. Uzazi wake basi ni wa polepole mno, na hauwezekani bila kivuli. Kule Rhodesia ya Kusini wakubwa walipenda njia ya kuua wanyamapori ili mbung'o akose damu. Swynnerton alielekeza macho yake kwenye kivuli.

Miaka ya 1920, Shinyanga, watemi wa Wasukuma walitoa watu wao kwa maelfu, wenye mashoka na mapanga, wakafyeka vichaka. Nyasi nazo ziliachwa zisichomwe mapema, bali zingoje mwisho wa kiangazi zikauke kabisa, ili moto uwe mkali na kuteketeza vichaka. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakarudi. Tunasema wazi kwamba sifa ya kazi ile haikupaswa kwenda kwa Bwana Nyama peke yake. Mashoka hayakuwa yake.

Mwaka 1929 alipewa idara kamili ya utafiti, makao yake Shinyanga. Alifurahia kujaribu kila jambo. Eneo hili lichomwe, lile lilindwe na moto miaka mingi, jingine lifyekwe, kisha wahesabiwe mbung'o wa kila mahali. Lakini utamhesabuje nzi wa porini? Mmoja wa watu wake, C. H. N. Jackson, alipata njia ambayo sisi tuliifundisha chuoni kwa bakuli la maharage. Toa maharage mia moja, yapake rangi, yarudishe, koroga vizuri, kisha chota mengine mia bila kuchagua. Ukikuta matano yenye rangi, jua kwamba yale mia uliyoyapaka ni sehemu ya ishirini ya yote, basi bakuli lina elfu mbili hivi. Jackson alifanya vivyo hivyo kwa nzi hai: alimkamata, akamtia doa la rangi, akamwachia, akamkamata tena. (Mwanachuo wetu mmoja alisahau kukoroga, akapata maharage tisini yenye rangi na kutangaza kwamba bakuli lina mia moja na kumi na moja. Somo lilieleweka siku hiyo kuliko siku zote.)

Je, Swynnerton alikuwa sahihi? Kwa upande mmoja, ndiyo. Lakini wazee wa nchi hii walijua zamani kwamba palipo na watu wa kutosha, mashamba na mifugo, kichaka hakisogei. John Ford, aliyefanya kazi na mbung'o miaka mingi, alikiri jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1971. Tena Shinyanga ilibaki bila miti. Ufyekaji ule haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwa mmojawapo, hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili. Wajukuu wa waliofyeka wakapanda.

Katika kituo kile kile cha Shinyanga, Swynnerton alipokwisha kufa, Vanderplank aligundua katika miaka ya 1940 kwamba aina mbili za mbung'o zikizaana, watoto wao hukosa uzazi. Nusu karne baadaye, Unguja ilisafishwa kwa wazo la ukoo huo huo. Madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi yaliachiwa kwa wingi, majike yakapoteza uzazi wao bure, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Hakuna msitu uliofyekwa kwa ajili hiyo.

Sasa Burtt. Yeye alitembea katika vichaka vyetu vya Itigi, vile tunavyovipita kwa treni tukiona ukuta wa matawi tu, akaandika mmea baada ya mmea. Mmoja wake, Burttia, una jina lake, na mwingine wa jamii ya mkole huitwa Grewia burttii. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1942, miaka minne baada ya ajali ile. Vichaka hivyo havipatikani sehemu nyingi duniani, na kila mwaka vinakatwa kwa mkaa na mashamba. Tukiwauliza vijana wetu majina ya mimea yake, hata kwa Kigogo au Kinyaturu, wanataja mitatu, minne, basi.