Daktari Leakey na Sanadi ya Mawe

Msomaji wa pwani huenda hajapata kuisikia Rhonda. Ni mtaa wa wafanya kazi katika mji wa Nakuru, si mbali na ziwa wala na mto Njoro. Katika nchi hii ya Bonde la Ufa ardhi ikichimbuka, watoto huokota vijiwe vyeusi ving'aavyo kama kioo, vyenye makali ya kukata kidole. Vijana wa darasa letu waliniuliza ni nani aliyevichonga. Jawabu lake halitimii bila ya kueleza maisha ya Daktari Louis Leakey.

Bwana huyu alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiingereza, lakini yeye alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama wao. Tangu utotoni alikuwa akikusanya vijiwe hivi hivi. Wakubwa waliomzunguka hawakuona maana yake. Yeye alitambua kuwa ni zana za watu wa kale. Akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1926 akarejea Kenya na msafara wa utafiti. Akachimba makaburi ya kale hapa Nakuru na mapango ya upande wa Elmenteita, na mwaka 1928 wakagundua Kariandusi, mahali palipojaa mashoka ya mawe. Hata miaka thalathini alikuwa hajaifikisha, na jina lake limekwisha enea Ulaya.

Sasa yakaja mambo ambayo kwa ajili yake nimeandika khabari hii.

Mwaka 1932, kule Kanam, pwani ya ziwa la Nyanza, mfanya kazi wake aitwaye Juma Gitau aliokota kipande cha mfupa wa taya. Leakey akadai kuwa ni taya la mtu aliye kama sisi, tena la zamani mno kupita yote yaliyojulikana. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakaupokea ushahidi wake. Lakini mtaalamu wa ardhi, Profesa Boswell, hakutosheka. Mwaka 1935 alifunga safari akaja Kanam kutazama kwa macho yake. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyovichomeka kuwa alama vilikuwa vimekwisha ng'olewa na watu wa pale, nao walikuwa na haja navyo. Picha zake ziliharibika, na picha aliyokuwa ameionyesha watu Uingereza ikadhihirika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell akayaandika yote haya katika jarida la Nature, na heshima ya kijana yule ikaanguka mbele ya wenziwe.

Sisi tuliosoma mbele ya masheikh hatuoni ajabu. Mwenye kupokea Hadithi huulizwa: umeisikia kwa nani, na yeye kwa nani? Silisila ikikatika, maneno huwa dhaifu hata yakiwa mazuri. Mfupa nao una sanadi yake, nayo ni tabaka la udongo uliomo. Ukishatolewa bila ya mashahidi na bila ya kipimo, hausemi tena umri wake. Leakey hakusema uongo, alifanya haraka.

Mwaka 1936 alimwoa Mary, na mke huyu ndiye aliyemfaa katika kazi. Mary alikuwa mchimbaji mwenye subira, na kwa maoni yangu alimpita mumewe kwa uangalifu. Mwaka 1937 alianza kuchimba Hyrax Hill, hapa Nakuru. Kisha mwaka 1938 wote wawili wakachimba pango la mto Njoro, wakakuta mifupa ya makumi ya watu waliochomwa baada ya kufa, na pamoja nao mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na shanga. Umri wake ni miaka ipatayo 3,000. Safari hii kila kitu kiliandikwa kilipotoka.

Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai katika Tanganyika, Leakey alikuwa kambini amelala kwa homa. Mary alitoka peke yake, akaona meno yamejitokeza ardhini. Hawakuling'oa lile fuvu. Walimngoja mpiga picha afike kwanza, ndipo wakachimba huku kazi ikipigwa picha. Leakey akaliita Zinjanthropus, kutokana na Zinji, jina ambalo Waarabu wa zamani waliipa pwani yetu.

Yeye alikisia umri wake kuwa miaka 600,000. Ikabidi chuo kikuu kingine kiamue. Majivu ya volkeno yana madini ya potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa hewa iitwayo agoni; hewa hiyo hufungika ndani tangu majivu yapoe, basi ikipimwa huonyesha muda uliopita. Wataalamu wa California walipima, na mwaka 1961 wakatangaza miaka 1,750,000, karibu mara tatu ya makisio yake. Na pale alipodai kuwa fuvu lile ni la babu wa watu, mwenyewe aliliacha dai hilo mwaka 1964, baada ya kupata mifupa ya namna nyingine. Suala la asili ya binadamu lina mlango wake. Hapa nazungumzia mtu aliyekubali kurudi nyuma hadharani.

Wala simsifu kwa kila jambo. Katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikaa mkalimani wa korti ya wakoloni, mpaka mawakili wa utetezi walipompinga, naye akajitoa.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza akizunguka Uingereza na Marekani kuwahutubia watu wasiokuwa wataalamu, akiwaeleza Afrika na mawe yake, na akitafuta fedha za uchimbaji. Katika safari hizo alifariki London, tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Lile fuvu lilikwisha rejeshwa Tanzania mwaka 1965, likakabidhiwa makumbusho ya Dar es Salaam.