DAKTARI LIVINGSTONE NA UZITO WA MOYO

Wengi wetu tumesimama chini ya miembe ya Ujiji, penye mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley. Mkutano wao tunausimulia sana. Hali ya mzee yule kabla ya siku ile hatuisemi.

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813, akawa mganga na mmisionari. Mkewe Mary alifariki kando ya mto Zambezi mwaka 1862. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe katika Kongo, aliona watu wa biashara ya utumwa wakiwapiga risasi wanawake sokoni. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Baada ya hapo alishinda alasiri nzima amelala kwa unyonge. Akageuka kurudi Ujiji. Njiani mikuki ilirushwa kutoka vichakani, mmoja ukapita karibu na mgongo wake. Saa tano alitembea katika hofu ile, hata akaona ni mamoja, auawe au apone. Chakula kikamshinda. Yeye mwenyewe aliandika kwamba huzuni ya moyo ilikuwa inaudhuru mwili.

Alifika Ujiji mwezi wa Oktoba, akakuta aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote. Akajifananisha na yule aliyeangukia wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, ila Msamaria hakumtazamia.

Siku hizi waganga huita sonona hali ya moyo kulemewa kwa majuma mawili au zaidi. Mara nyingi wasiwasi huandamana nayo: usingizi hukatika, moyo hupiga mbio, mtu huogopa asijue anaogopa nini. Hatuwezi kumpima marehemu, na vidonda na kuhara vilimtesa pia. Lakini huyu alikuwa ameisoma Biblia nzima mara nne huko Manyema! Basi anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba hana imani, tunaona amekosea. Afadhali amsindikize hospitali. Kuna dawa, na kuna mazungumzo yanayoponya.

Ndipo akaja Stanley na barua na chakula, Susi akakimbia kumlaki. Mzee aliyekula mara mbili bila hamu akaanza kula mara nne kwa siku, na baadaye wakaenda pamoja kwa mtumbwi hadi mdomo wa Rusizi. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi na Chuma wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo.