Augustino wa Hippo, Mtu Aliyeshindwa Akaokolewa kwa Neema



Wako wanaodhani mafundisho ya neema tuliletewa na Wazungu pamoja na suruali. La hasha. Mwalimu mkubwa wa neema katika kanisa la kale alizaliwa barani Afrika, tarehe 13 Novemba 354, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria.

Mama yake, Monika, alimwombea kwa machozi miaka mingi. Kijana alikuwa na akili nyingi na tabia mbaya. Alisoma Karthago, akaishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodato. Kwa muda wa miaka tisa hivi alifuata dini ya Mani. Baadaye alipata kazi ya ualimu Milano, Italia, na huko alisikia mahubiri ya Askofu Ambrosi, akaijua kweli.

Lakini kujua hakukumsaidia. Alitaka kuacha uasherati, akashindwa. Aliomba usafi, huku moyoni akiogopa kwamba Mungu angemjibu upesi. Mwaka 386, akiwa analia bustanini, alifungua Waraka kwa Warumi sura ya 13, akasoma maneno machache tu, na kamba ikakatika. Alibatizwa Pasaka ya 387 pamoja na mwanawe. Mwaka huohuo Monika alifariki, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Mwaka 391 waumini wa Hippo walimkamata kanisani wakamfanya kasisi kwa nguvu, naye akilia. Baada ya miaka michache akawa askofu wao.

Mwaka 410 Wagothi waliteka Roma. Wakimbizi wakavuka bahari kuja Afrika, na mmoja wao alikuwa Pelagio, mtu wa Uingereza aliyeheshimiwa kwa maisha yake. Yeye alifundisha kwamba mtu anaweza kuzishika amri za Mungu akiamua kweli. Augustino alijibu kwamba hata huko kuamua ni neema inayotangulia. Tusimdharau Pelagio, alichoshwa na Wakristo wavivu, na sisi wachungaji tunamwelewa. Mimi mwenyewe katika chuo cha Biblia nilimtetea darasani. Kisha nikavuka mpaka nikiwa na chuki juu ya watu fulani. Nilijikaza, nikafunga, nikajikaza tena, isitoke. Hapo ndipo nilipoacha kumtetea.

Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulikataa mafundisho ya Pelagio. Hata hivyo Augustino hakuwa malaika. Alikubali serikali itumie nguvu kuwarudisha Wadonati kanisani, jambo lisilofanana na neema aliyoihubiri.

Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania wakichoma na kuua. Askofu mmoja alimwuliza kama mchungaji anaruhusiwa kukimbia. Nimelisoma jibu lake mara nyingi kuliko kitabu chake chochote. Alisema anayewindwa yeye binafsi anaweza kukimbia, ikiwa wamebaki wengine wa kulihudumia kundi. Lakini hatari ikiwa ya wote, mchungaji asiwaache wanaomhitaji. Kundi lote likikimbia, naye aende nalo.

Yeye alibaki. Hippo ikajaa wakimbizi, na kati yao maaskofu waliopoteza makanisa yao. Mmoja, Posidio wa Calama, ndiye aliyeandika habari za maisha yake. Mji ulizingirwa mwaka 430, na katika mwezi wa tatu Augustino akashikwa na homa. Alikuwa na miaka 75, na vitabu vyake vilijaza kabati za kanisa. Aliomba zaburi za toba zibandikwe ukutani karibu na kitanda, na watu wasiingie ila wakati wa daktari na wa chakula. Akalala akizisoma na kulia, akiomba rehema, mpaka tarehe 28 Agosti alipofariki. Hakuandika wosia, kwa kuwa hakuwa na mali ya kumwachia mtu.